Ukomo wa mihula, mahakama au mfumo wa kibunge: tuchague kinga ipi dhidi ya kiongozi aliyechaguliwa anayejilimbikizia madaraka?

Viongozi wa namna hii hawaingii Ikulu kwa vifaru. Alberto Fujimori alichaguliwa kwa kura nchini Peru mwaka 1990, na tarehe 5 Aprili 1992 akalivunja Bunge na kuisimamisha mahakama huku wananchi wengi wakimuunga mkono. Hugo Chávez alishinda urais wa Venezuela kwenye uchaguzi wa Desemba 1998. Viktor Orbán alipata theluthi mbili ya viti vya Bunge la Hungaria mwezi Aprili 2010 kwa takriban asilimia 53 ya kura, kisha akapitisha katiba mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2012 bila kuhitaji hata kura moja ya upinzani. Nayib Bukele aliingia madarakani El Salvador mwaka 2019 na kuchaguliwa tena Februari 2024 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura, ingawa katiba ya nchi hiyo ilikuwa inakataza rais kuongoza vipindi viwili mfululizo. Wote wanne walikuwa na uhalali wa sanduku la kura, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu kila anayewapinga huambiwa kwamba anawapinga wananchi.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili si la darasani. Mchakato wa katiba mpya nchini Tanzania ulikwama baada ya Bunge Maalumu kupitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyotarajiwa Aprili 2015 haikufanyika. Wakenya walibishana kwa miaka kadhaa kuhusu kuibadilisha katiba yao ya 2010. Waganda, Warundi na Wakongomani wamekwisha kuona vifungu vya ukomo vikijaribiwa mbele ya macho yao. Anayedai mabadiliko, awe mwanasheria, kiongozi wa dini, mbunge au mwanachama wa asasi ya kiraia, hawezi kupata kila kitu kwa wakati mmoja. Hulazimika kuamua ni kinga ipi aipiganie kwanza. Tatu ndizo zinazotajwa zaidi: ukomo wa mihula, mahakama huru, na mfumo wa kibunge ambamo kiongozi wa serikali anaweza kuondolewa na wabunge wakati wowote.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni wakati: je, kinga inafanya kazi tangu siku ya kwanza ya utawala, au inasubiri mwisho wake? Cha pili ni namna inavyovunjwa. Kiongozi aliyechaguliwa huvunja kwa kufuata utaratibu, kwa hiyo kinga ambayo uvunjaji wake huonekana na kila mtu ina thamani kubwa kuliko ile inayobomolewa kimyakimya kupitia bajeti na uteuzi. Cha tatu, ambacho kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote, ni mlinzi wake: ni nani atakayeitetea siku inapojaribiwa, na huyo anamtegemea nani kwa kazi yake, mshahara wake na usalama wake? Cha nne ni gharama, maana kila kinga inayomfunga mikono kiongozi mbaya humfunga pia kiongozi mwema.

Ukomo wa mihula

Wakati. Kinga hii huchelewa. Fujimori alilivunja Bunge akiwa hajatimiza miaka miwili madarakani, na hakuna kifungu cha mihula ambacho kingemzuia. Nchini Tanzania mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa mwaka 2016 na haikuruhusiwa tena hadi Januari 2023. Ibara ya 40(2) ya Katiba ya mwaka 1977, inayokataza mtu kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili, haikuwa na la kusema katika jambo hilo, kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili hiyo. Anayetegemea ukomo wa mihula peke yake amekubali kwamba miaka kumi inaweza kupita bila breki.

Namna inavyovunjwa. Hapa tuna ushahidi mwingi, na sehemu kubwa yake imetokea jirani. Njia iliyonyooka ni kukifuta kifungu, kama Bunge la Uganda lilivyofanya mwaka 2005, kabla ya kuondoa pia ukomo wa umri wa miaka 75 mwezi Desemba 2017. Njia nyingine ni kura ya maoni. Rwanda ilibadilisha katiba yake Desemba 2015 kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura, na Chávez, aliyeshindwa kura ya Desemba 2007, aliwauliza tena wananchi Februari 2009 hadi akapata jibu alilolitaka. Ipo pia njia ya tafsiri. Wananchi wa Bolivia walikataa Februari 2016 kumruhusu Rais Evo Morales agombee tena, lakini Novemba 2017 mahakama ya katiba ilisema kwamba kumzuia ni kukiuka haki zake za binadamu. Maneno ya katiba yenyewe nayo yanaweza kuacha mwanya: katiba ya Urusi ilikuwa inazuia tu zaidi ya mihula miwili mfululizo, ndiyo maana Vladimir Putin aliweza kukaa kwenye uwaziri mkuu kuanzia 2008 na kurejea kwenye urais 2012.

Burundi inastahili kutazamwa kwa karibu. Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 ulitaka rais asizidishe mihula miwili. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alidai kwamba muhula wake wa kwanza hauhesabiki, kwa sababu mwaka 2005 alichaguliwa na Bunge wala si na wananchi moja kwa moja. Shauri lilipelekwa Mahakama ya Katiba, nayo tarehe 5 Mei 2015 ikamkubalia. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Jaji Sylvère Nimpagaritse, alikataa kusaini hukumu, akakimbilia Rwanda na kueleza kwamba majaji walikuwa wametishwa. Yaliyofuata tuliyaona Kigoma, pale kambi ya Nyarugusu ilipofurika na kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena kwa ajili ya wakimbizi. Nalitaja hili kwa sababu watu hupenda kusema kwamba ukomo wa mihula ni jambo la wanasiasa. Familia zilizovuka mpaka mwaka ule zilikimbia mgogoro ulioanzia kwenye ubishi wa kuhesabu mihula.

Kongo ilionyesha njia ambayo wengi hawakuifikiria. Ibara ya 220 ya katiba yake ya 2006 inakataza kabisa kubadilisha idadi na urefu wa mihula ya rais, kwa hiyo Rais Joseph Kabila hakuigusa. Uchaguzi uliopaswa kufanyika mwishoni mwa 2016 ndio ulioahirishwa, mara kwa sababu ya daftari la wapigakura, mara kwa sababu ya fedha, hadi Desemba 2018. Hata hivyo, kifungu hakikufa. Maaskofu Wakatoliki walisimamia makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016, waumini waliandamana, na Kabila hakugombea.

Mlinzi. Hapa ndipo ukomo wa mihula unapozishinda kinga nyingine. Mwananchi hahitaji wakili ili ahesabu hadi mbili. Tafiti za Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya wananchi barani Afrika, zimeonyesha mara kwa mara kwamba Waafrika wengi wanaunga mkono ukomo wa mihula miwili. Zaidi ya hapo, kinga hii ina watetezi ndani ya chama tawala chenyewe, yaani wale wanaosubiri zamu yao. Rais Frederick Chiluba wa Zambia alizuiwa kugombea muhula wa tatu mwaka 2001 na muungano wa makanisa, wanasheria na wanachama wa chama chake mwenyewe. Nchini Nigeria, Seneti ililikataa pendekezo la muhula wa tatu wa Olusegun Obasanjo mwezi Mei 2006. Kwetu Tanzania, Mwinyi, Mkapa na Kikwete waliondoka muda wao ulipokwisha, na desturi hiyo sasa ina nguvu zaidi ya karatasi iliyoiandika.

Gharama. Kiongozi mzuri huondoka wakati bado anahitajika, na muhula wa mwisho unaweza kuliwa na mbio za kumtafuta mrithi. Gharama hii ni ndogo ukiilinganisha na nyingine zitakazofuata.

Inamfaa nani. Inafaa nchi ambayo mahakama yake bado dhaifu lakini wananchi, makanisa, misikiti na vyombo vya habari vinaweza kupaza sauti, na ambayo ndani ya chama tawala kuna ushindani wa kweli wa nani afuate.

Mahakama huru

Wakati. Mahakama inaweza kuzuia tangu asubuhi ya kwanza. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta matokeo ya urais kwa majaji wanne dhidi ya wawili, jambo lililokuwa halijawahi kutokea Afrika. Nchini Senegal, Rais Macky Sall alipojaribu kuahirisha uchaguzi wa Februari 2024, Baraza la Katiba lilibatilisha uamuzi huo tarehe 15 mwezi huohuo. Uchaguzi ukafanyika tarehe 24 Machi na mgombea wa upinzani akashinda. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: Rais Yoon Suk-yeol alitangaza utawala wa kijeshi usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Bunge likaukataa saa chache baadaye na kisha kumshtaki, na tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa madarakani kwa kauli moja.

Namna inavyovunjwa. Kwa utulivu, na hiyo ndiyo hatari yake kubwa. Mwaka 2004 wafuasi wa Chávez bungeni waliongeza majaji wa mahakama ya juu kutoka 20 hadi 32, na viti vipya vikajazwa. Hungaria iliongeza majaji wa Mahakama ya Katiba kutoka 11 hadi 15 na kushusha umri wa majaji kustaafu kutoka miaka 70 hadi 62. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwishoni mwa 2012 kwamba hatua hiyo ya umri ilikuwa kinyume cha sheria, lakini majaji wengi walikuwa wamekwisha kutoka. Nchini El Salvador haikuchukua hata siku mbili. Tarehe 1 Mei 2021, katika kikao cha kwanza cha Bunge jipya ambalo chama cha Bukele kilikuwa na viti 56 kati ya 84, majaji watano wa chemba ya katiba ya mahakama ya juu waliondolewa pamoja na Mwanasheria Mkuu. Septemba mwaka huohuo majaji waliowekwa badala yao waliamua kwamba rais anaweza kugombea tena mfululizo.

Kenya nayo ina funzo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Baada ya hukumu ya 2017, Rais Uhuru Kenyatta alikaa takriban miaka miwili bila kuwaapisha watu waliopendekezwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama kuwa majaji. Mwaka 2021 aliwaapisha 34 na kuwaacha sita, ambao waliapishwa Septemba 2022 na rais aliyemfuata. Hakuna kifungu kilichofutwa wala kura iliyopigwa. Viti vilikaa vitupu tu, na kesi za wananchi zikaendelea kusubiri.

Mlinzi. Jaji hana askari wala hazina. Anachotegemea ni kwamba serikali itaona aibu kumkaidi, na kwamba mawakili na wananchi watasimama upande wake. Malawi ilifanya hivyo vizuri sana. Februari 2020 majaji watano, waliokuwa wakifika mahakamani kwa ulinzi wa jeshi, walifuta uchaguzi wa rais wa mwaka uliotangulia. Juni 2020, siku chache kabla ya uchaguzi wa marudio, serikali ilitangaza kwamba Jaji Mkuu Andrew Nyirenda aende likizo ya kuelekea kustaafu. Mawakili walivaa majoho yao na kuandamana barabarani, amri ikapingwa mahakamani, na uchaguzi wa tarehe 23 Juni ukafanyika naye akiwa bado ofisini. Colombia nayo ilikuwa na bahati ya aina nyingine: Februari 2010 Mahakama ya Katiba ilimkatalia Álvaro Uribe, rais aliyependwa sana, kura ya maoni ya kumruhusu muhula wa tatu, naye akatii siku ileile.

Gharama. Hukumu inaweza kuliingiza taifa kwenye uchaguzi wa marudio uliojaa hasira, kama Kenya ilivyoshuhudia Oktoba 2017, upinzani uliposusia na watu wakapoteza maisha. Gharama kubwa zaidi hulipwa pale mahakama inapotekwa, kwa sababu haibaki kuwa ukuta uliobomoka. Inageuka kuwa mhuri wa kumhalalisha mtawala, kama ilivyokuwa Burundi, Bolivia na El Salvador. Nikilazimika kuchagua kati ya mahakama iliyotekwa na kutokuwa na mahakama ya katiba kabisa, ningesita.

Inamfaa nani. Inafaa nchi ambayo majaji huteuliwa kwa usaili wa wazi na chombo ambacho rais hakidhibiti, na yenye chama cha mawakili kisichoogopa. Kwa Tanzania kuna hatua ya kutangulia: Ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya urais yaliyotangazwa na Tume, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua Julai 2020 kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Huwezi kuitegemea mahakama katika jambo ambalo umeifungia mlango.

Mfumo wa kibunge

Wakati. Siku yoyote, na hakuna kosa la jinai linalohitaji kuthibitishwa. Margaret Thatcher alishinda chaguzi kuu tatu nchini Uingereza, 1979, 1983 na 1987, na hakuna mpigakura aliyemwondoa. Wabunge wa chama chake ndio waliomwondoa Novemba 1990. Afrika Kusini, ambayo rais wake huchaguliwa na Bunge, ilimwona Thabo Mbeki akijiuzulu Septemba 2008 kwa agizo la chama chake cha ANC, na Jacob Zuma akifanya hivyo Februari 2018.

Namna inavyovunjwa. Kwa kukiteka chama. Chombo chenye nguvu ya kumwondoa kiongozi kikishakuwa mali yake, hakuna kilichobaki. Waziri mkuu wa Ethiopia hana ukomo wa mihula, na Meles Zenawi alishika wadhifa huo tangu 1995 hadi kifo chake Agosti 2012, huku muungano wake na washirika wake wakipata karibu viti vyote katika uchaguzi wa 2010. Orbán alipata theluthi mbili tena mwaka 2014, 2018 na 2022. Indira Gandhi, waziri mkuu wa India, baada ya Mahakama Kuu ya Allahabad kubatilisha ubunge wake Juni 1975, alipata tangazo la hali ya hatari ndani ya wiki mbili, wapinzani wakatiwa ndani, na Bunge likarefusha uhai wake lenyewe. Uchaguzi ulipofanyika Machi 1977 alishindwa hata katika jimbo lake la Rae Bareli. Waliomwondoa ni wapigakura, wala si wabunge wenzake.

Hata hivyo kuna jambo moja linaloupa mfumo huu heshima. Recep Tayyip Erdoğan alikuwa waziri mkuu wa Uturuki tangu 2003, kisha rais tangu 2014, na bado aliona haja ya kuubadilisha mfumo wenyewe kwa kura ya maoni ya Aprili 2017, iliyopita kwa asilimia 51.4. Angekuwa ameridhika na mipaka ya uwaziri mkuu, asingehangaika kuifuta nafasi hiyo. Sisi pia tulipita njia hiyo mapema: Tanganyika iliacha uwaziri mkuu na kuwa jamhuri yenye rais mtendaji Desemba 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, na Kenya ikafanya hivyo Desemba 1964.

Mlinzi. Ni wabunge wa chama cha kiongozi mwenyewe. Watathubutu iwapo kiti chao kinatokana na jimbo na wanachama wao. Hawatathubutu iwapo jina lao hukatwa au kupitishwa na kikao anachokiongoza mtu huyohuyo wanayetakiwa kumwondoa.

Gharama. Serikali zinaweza kubadilika mara kwa mara, na fitina za chama zikavaa joho la uwajibikaji. Kwa wapigakura wa Afrika Mashariki kuna gharama nyingine ya kihisia: wamezoea kumchagua mkuu wa nchi wenyewe. Kamati ya Bunge la Kenya iliyokutana Naivasha Januari 2010 iliondoa waziri mkuu kwenye rasimu ya katiba na kuchagua urais kamili.

Inamfaa nani. Inafaa nchi yenye vyama vilivyokomaa, vyenye chaguzi za ndani zinazoweza kumshangaza mwenyekiti. Penye chama kimoja kinachotawala miaka yote, mfumo huu humwondoa mtu lakini hauondoi mkondo.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa rais wenu anakaribia mwisho wa muhula wa pili na minong'ono ya kuongezewa muda imeanza, wekeni nguvu zote kwenye ukomo wa mihula, na fanyeni hivyo kabla muswada haujafika bungeni. Watafuteni mapema wanaotaka kumrithi, kwa kuwa wana sababu yao ya kuwasaidia. Someni pia maneno yenyewe: neno "mfululizo", jinsi muhula wa kwanza unavyohesabiwa, na nini kinatokea uchaguzi ukichelewa.

Ikiwa kiongozi ni mpya, anapendwa, na chama chake kinakaribia theluthi mbili ya viti, hakuna kati ya kinga hizi tatu itakayosimama kwa muda mrefu kama theluthi mbili hiyo inatosha kubadilisha kila kitu. Hapo pigania kwanza utaratibu wa kubadilisha katiba. Katiba ya Kenya, Ibara ya 255, inataka kura ya maoni ili kubadilisha muda wa rais, na angalau asilimia 20 ya wapigakura walioandikishwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti. Katiba ya Tanzania inaweza kubadilishwa na Bunge bila kuwauliza wananchi.

Ikiwa kiongozi tayari anawabana wapinzani, magazeti na asasi, na bado ana miaka mingi mbele yake, ukomo wa mihula hautawafaa leo. Tegemeeni mahakama iwapo bado kuna majaji wanaoamua dhidi ya serikali, na anzeni na mambo yasiyopigiwa kelele: nani anawapendekeza majaji, rais ana siku ngapi za kuwaapisha, na nani anapanga bajeti ya mahakama. Kifungu kinachosema mteule atahesabika kuwa jaji baada ya siku kadhaa, rais asipomwapisha, kina kazi kubwa kuliko hotuba nyingi za uhuru wa mahakama.

Ikiwa mnaandika katiba upya na mna nafasi ya kuchagua mfumo mzima, uchunguzeni kwanza mfumo wa vyama vyenu kabla ya kuvutiwa na Uingereza. Ulizeni ni lini mara ya mwisho mwenyekiti wa chama kikubwa alishindwa katika uchaguzi wa ndani. Kama jibu ni kwamba haijawahi kutokea, anzeni kwa kudai mgombea binafsi aruhusiwe na mbunge anayefukuzwa chamani asipoteze kiti chake, kisha mfumo wa kibunge ujadiliwe baada ya hapo.

Ikiwa ni nchi iliyotoka vitani na inaishi kwa makubaliano ya amani, kama Burundi ilivyokuwa, ukomo wa mihula unahitaji msimamizi wa nje ya mipaka aliyekubalika mapema, kwa jina na kwa mamlaka, pamoja na hatua zitakazochukuliwa tangu siku mtu anapotangaza nia ya kuuvuka. Mwaka 2015 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam tarehe 13 Mei, siku nane baada ya mahakama ya Bujumbura kutoa hukumu yake.